Kipando cha Jirani

Jumamosi asubuhi wauza miche wa kando ya barabara za Dar es Salaam hawapati hata nafasi ya kunywa chai. Magari yameegeshwa upande upande, watu wanapakia mawaridi, trei za nyanya na pilipili hoho, na pakiti za mbegu za karoti zenye picha nzuri kuliko karoti zenyewe. Ni biashara halali na inalisha familia nyingi. Lakini zipitie nyumba za wanunuzi hao baada ya miezi miwili. Vyungu vimekauka ukutani, hoho zimebaki vijiti, na pakiti ya karoti iko juu ya friji, haijafunguliwa.

Kisha ingia kwenye ua unaotoa mboga mwaka mzima, uwe wa Mbagala, Kigamboni au Tandika. Tuta la matembele liko pale maji ya bombani yanapomwagika. Mti wa kisamvu mpira umesimama kwenye kona ya ukuta, mchaichai umejazana karibu na mlango wa jikoni, mrehani uko kwenye kopo la rangi, mlonge umekatwa kichwa, na shubiri imeoteshwa kwenye beseni lililopasuka. Muulize mwenye ua alivinunua wapi, atakushangaa. Matembele alipewa na jirani wa nyuma. Mpira ulitoka kwa wifi yake. Mrehani alikata tawi walipokwenda arobaini Bagamoyo, akalizungushia gazeti lililolowa, akarudi nalo kwenye basi kalipakata.

Ninachotaka kusema ni kwamba mtu wa mjini anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, ambaye hajashika jembe tangu shule ya msingi, asianze na pakiti. Aanze na mimea ya kuomba.

Mbegu inadai mlezi. Ya mchicha ni ndogo kiasi kwamba sisimizi huibeba, kuku huifukua, na mvua moja ya kishindo huikusanya yote kwenye kona moja ya tuta. Mche unaochomoza hauna akiba yoyote, ukikosa maji mchana mmoja wa jua la Januari habari yake imekwisha. Kipando kina chakula chake ndani ya shina na kinaweza kuvumilia usahaulifu wako wa siku mbili. Tena kimeshafaulu mtihani ambao mbegu ya dukani haijaufanya. Kimeishi kwenye mchanga wa mtaa huohuo, kimenyweshwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, kimepigwa na upepo wa kusi na hakikufa. Na kwa kuwa ni kipande cha mmea mama wenyewe, kitakuwa vilevile ulivyokiona kwa jirani, kwa ladha na kwa ukubwa wa jani. Hakuna kubahatisha.

Tuanze na matembele, kwa sababu hayo ndiyo yanayosamehe zaidi. Ni majani ya kiazi kitamu, na Dar es Salaam wapo wengi wanaoyapanda kwa ajili ya mboga tu, kiazi kikitokea ni nyongeza. Ukishapewa ruhusa ya kukata, usikate popote. Rando lina ncha laini na lina sehemu ya nyuma iliyokomaa, karibu na shina. Kata ncha, urefu wa sentimita 30 hivi. Kule nyuma ndiko fukuzi wa viazi anakopenda kutaga mayai, kwa hiyo anayepanda sehemu ya nyuma huenda akahamisha mdudu pamoja na mboga. Pukuta majani ya chini, bakiza machache ya juu. Halafu usiyapande papo hapo. Yafunge fungu, uyaweke kivulini mahali penye ubaridi kwa siku moja au mbili. Tazama pale majani yalipopukutwa, kwenye vifundo: vinaanza kutokeza vinundu vyeupe, vidogo kuliko punje ya uwele. Hiyo ni mizizi inayotaka kutoka. Sasa panda, jioni, rando likiwa limelazwa kimshazari, vifundo viwili au vitatu vikiwa ndani ya udongo na ncha ikiwa juu.

Siku za mwanzo yatalala chini, utadhani yamekufa. Mwagilia, usiyachokoe kuangalia kama yameshika. Baada ya mwezi mmoja hivi utaanza kuchuma, na kuchuma kwenyewe ni sehemu ya matunzo, maana kila ncha inayokatwa huamsha machipukizi ya pembeni. Tuta lisilochumwa hutambaa mpaka mlangoni na majani yake hukakamaa. Mashina yakishazeeka, tuseme baada ya mwaka, kata ncha zako mwenyewe na uhamie upande mwingine wa ua.

Mchaichai hauhitaji maelezo marefu. Shina lake hugawanywa kwa panga au kisu kikubwa, kila kipande kiwe na mizizi yake, majani yapunguzwe yabaki ya urefu wa shibiri, basi. Vaa mikono mirefu, kingo za majani yake hukata.

Kisamvu mpira ndicho kinachonipa raha ya kuandika. Mti huu ambao watu wengi wanaudhani ni wa asili hapa petu ni mgeni kutoka kaskazini-mashariki ya Brazili, jimbo la Ceará. Ni ndugu wa muhogo, ila ni mti kamili, na unapandwa kwa ajili ya majani wala si mizizi. Mwishoni mwa karne ya 19 ulipandwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kwa ajili ya utomvu, maana dunia ilikuwa na njaa ya mpira wa magurudumu. Mashamba yakaenea upande wa Tanga na Muheza, vibarua wakachanja magome, bei ikapaa kufikia 1910. Miaka mitatu baadaye ikaanguka, baada ya mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki kumwaga sokoni mpira bora na wa bei nafuu. Biashara ilikufa, mti ukabaki. Majani yake yakitwangwa ni mboga, tawi lake likichomekwa ardhini linaota, kwa hiyo ukaendelea kuhama kutoka ua hadi ua bila msaada wa bwana shamba.

Tena haukuishia uani. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Huko, katika miaka ya 1930, mtaalamu H. H. Storey na wenzake walikuwa wanatafuta muhogo utakaostahimili magonjwa ya virusi, na moja ya njia zao ilikuwa kuuchanganya muhogo na mti huu wa mpira, kisha kuurudisha kizazi baada ya kizazi upande wa muhogo ili mizizi ilike. Aina inayoitwa Namikonga kwetu, na Kaleso kwa wakulima wa Pwani ya Kenya, ni ya ukoo huo. Kwa hiyo ule mti unaofunika choo cha nje una damu yake kwenye mihogo ya pwani, na wenye nyumba hawana habari.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mzaliwa wa Muheza, ana utaratibu wake wa kuupanda na sijaona unaoushinda. Hachukui tawi la kijani. Anachagua lililokomaa, nene kiasi cha mpini wa jembe, analikata kipande cha urefu wa mkono. Upande wa chini anaukata kimshazari, wa juu anaukata sawasawa, ili asije akalipanda kichwa chini, kosa ambalo ni rahisi mno kulifanya vijiti vikishalala pamoja. Kisha analiegemeza ukutani kivulini mpaka maziwa yakauke kwenye jeraha.

“Mwanangu, ukilichomeka bado linatoka maziwa, litakuoza,” aliniambia siku niliyomwomba kijiti. “Na maji usilipe mengi. Huu si mchicha.”

Shimo lake ni la kina cha kiganja na nusu ya mkono, udongo anaushindilia kwa kisigino. Machipukizi yakishakuwa mti, kila mwaka kabla ya masika anaukata usawa wa kifua chake, maana hana nia ya kupanda ngazi kutafuta mboga. Mlonge nao anaufanyia hivyohivyo. Usipokatwa, mlonge hukimbilia juu, matawi yake ni mepesi kuvunjika, na majani mazuri yanabaki kwa ndege.

Nisiache kusema la jikoni, kwa sababu linahusu usalama. Majani ya ukoo wa muhogo yana kemikali inayotoa sianidi. Kuyatwanga hakufanywi kwa ajili ya ulaini tu. Jani likishapondeka, kemikali hiyo inakutana na kimeng'enya chake na kuvunjika, na ukichemsha bila kufunika, sumu inatoka na mvuke. Wanaokatakata kisamvu kwa kisu na kukikaanga haraka kama mchicha wanacheza. Twanga kinuni au usage, chemsha sufuria ikiwa wazi, kwa muda, ndipo tui na karanga vifuate. Matawi unayoyapunguza usiyatupe mbuzi wanapopita.

Ukarimu huu wa kupeana vijiti una upande wake mbaya, na ningekuwa nawadanganya wasomaji nikiuficha. Batobato ya muhogo, ile inayokunja majani na kuyatia mabaka ya njano na kijani, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mihogo ya Usambara. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa na Storey huyohuyo wa Amani mwaka 1936. Yote mawili huenezwa na nzi weupe, lakini nzi hawezi kupanda basi la Tanga. Anayeusafirisha ugonjwa mbali ni mtu aliyepewa kijiti. Na mti wa mpira, pamoja na sifa zake zote, nao huweza kubeba virusi hivyo.

Kwa hiyo kuomba kuna adabu yake na kuna macho yake. Usipokee vijiti vilivyokwisha katwa na kurundikwa pembeni, hata kama ni vingi. Omba kwenye mti unaouona umesimama. Nenda asubuhi, piga hodi, ulizia hali za watoto, na wakati mnaongea tazama majani. Yana rangi moja au yana mabaka? Yamenyooka au yamejikunja? Yale ya chini yana njano inayofuata mishipa? Kwenye shina la kijani kuna mikwaruzo ya kahawia? Kwa matembele, kimbia majani madogo yaliyojikunja, yaliyofifia, kwenye mmea uliodumaa wakati wenzake wanatambaa. Ukikuta bustani nzima ina dalili hizo, sifia, kunywa chai, rudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa udongo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga. Unamwagilia asubuhi, mchana tuta ni vumbi, jioni unamwagilia tena, na bili ya maji inapanda bila mboga kuongezeka. Kuongeza maji si dawa. Tafuta kitu cha kuyashika, na pwani tunacho bure: makumbi ya nazi, yale wauza madafu na wakuna nazi wanayotafuta pa kuyatupa. Chimba tuta kina cha goti la mtoto, panga makumbi chini, upande wa nyuzi ukiwa juu, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Makumbi yanakunywa maji na kuyatoa polepole. Yaloweke kwanza usiku kucha na umwage maji yake, kwa sababu huwa yana chumvi. Mbolea ya kuku mbichi usiiweke, itaunguza mizizi. Ilundike, ilowanishe, ifunike miezi miwili ipoe. Juu ya tuta tandaza majani makavu, ya mwembe yanafaa, ila yasiguse shina, la sivyo umewaita mchwa karamuni.

Chumvi ya visima ni mjadala mwingine. Ukiona utando mweupe juu ya udongo kiangazi, hiyo ndiyo. Maharage hayaiwezi kabisa. Mchicha unajitahidi. Masika ikija, mchanga wetu una fadhila moja: mvua huusafisha haraka. Katikati ya hapo, saidia kwa maji ya kuoshea mchele na mboga, na suuza la mwisho la nguo. Maji ya povu la sabuni ya unga yaende chooni.

Kuna viwanja ambavyo samadi haiwezi kuvitengeneza. Kama palikuwa na gereji, au mtu alikuwa anafungua betri za magari pale, panda maua, mboga ziwekwe kwenye viroba vyenye udongo wa kutoka kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta metali nzito ndani yake, risasi ikiwamo. Kuchemsha hakuondoi risasi. Ni sababu mojawapo ya mtu kutamani kujua mboga yake imeota wapi.

Kuhusu wadudu nitasema machache, maana mimea niliyoitaja haina maadui wengi ikiwa na afya. Vidukari wakijazana chini ya majani machanga, wapige kwa maji ya nguvu asubuhi, au kata ncha hizo utupe. Wakizidi, tumia mwarobaini: ponda kokwa zake, gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku, chuja kwa kitambaa, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, pulizia jioni. Jioni, kwa sababu jua huiharibu dawa yenyewe. Haiui papo hapo, inamharibia mdudu hamu ya kula na ukuaji, kwa hiyo usikate tamaa kesho yake ukiwaona bado wamekaa. Sumu za dukani kwenye mboga unayochuma kila baada ya siku tatu sizioni mahali pake.

Mrehani hauliwi sana kwetu, lakini ua wa pwani usio nao una kasoro. Ndio unaoingia kwenye vikuba pamoja na asumini, na ukipita umeugusa tu nguo inabaki na harufu mpaka jioni. Tawi lisilo na maua likiwekwa kwenye glasi ya maji dirishani hutoa mizizi baada ya wiki moja au mbili. Kazi yako baadaye ni kunyofoa maua yanapotokeza, maana ukiuacha uchanue wote unazeeka na kuwa kijiti.

Najua kuna msomaji amevumilia mpaka hapa akisubiri nyanya. Nyanya ni tamu, nakubali, na watafiti wa Tengeru, Arusha, walitufanyia kazi nzuri walipotoa Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997. Lakini nyanya inataka kitalu, inataka kuhamishwa, kusimikiwa miti, kupunguzwa machipukizi, na tangu mdudu aitwaye kantangaze aonekane nchini mwaka 2014 inataka pia mtu wa kuikagua kila siku, jani kwa jani. Panda mashina mawili ukipenda, kwa starehe. Chakula cha Jumatano kisiyategemee.

Wakati mzuri wa kuomba ni mwanzo wa mvua, vuli au masika, kwa sababu mbili. Kipando hakitakutesa kwa maji, na jirani mwenyewe anapunguza matawi wakati huo, kwa hiyo unamsaidia. Usione haya. Anayekupa kijiti leo anajiwekea akiba uani kwako. Yule mama wa Muheza alipojengewa ukuta mpya, mafundi walirundika tofali juu ya tuta lake la matembele mpaka likafa lote. Alikuja kwangu na kisu chake mwenyewe, akakata ncha, akanikosoa namna nilivyoweka samadi, akaondoka.

Na wapangaji, ambao ndio wengi katika jiji hili, wasiseme bustani ni ya wenye nyumba. Mwembe huwezi kuhama nao, bustani ya vipando unahama nayo. Wiki moja kabla ya gari la mizigo, kata vijiti vya mpira na mlonge, uviegemeze kivulini vikauke jeraha. Siku mbili kabla, kata marando ya matembele uyafunge kwenye gunia lenye unyevu. Mchaichai ung'oe asubuhi ya safari na udongo wake, uuweke kwenye ndoo, na ndoo ikae mbele na dereva, kwa sababu huko nyuma watapanga kochi juu yake. Ukifika, marando yaingie ardhini jioni hiyohiyo. Vya mpira vinaweza kusubiri mpaka umeelewana na mwenye nyumba kuhusu kona ya ukuta.